Sola mchana, majani usiku: niliyojifunza nikitunza hesabu za mradi

Andiko la mradi wetu lilikuwa na ukurasa mmoja ambao kila mwanakikundi aliupenda. Upande mmoja umeme wa sola kwa mwaka, upande wa pili umeme wa biogesi kutokana na majani tutakayolima, chini yake jumla, na jumla hiyo imezidishwa kwa bei moja. Mimi nilikuwa mtunza hesabu. Kazi yangu ikawa kuutafuta ukurasa ule ndani ya daftari halisi, mwezi baada ya mwezi, na sikuuona. Naandika haya kwa ajili ya yeyote mwenye andiko kama lile mezani kwake ambaye bado hajasaini mkopo.

Wazo lenyewe si la kipuuzi. Sola hulala jua linapozama. Zao la nishati, yaani mmea unaolimwa ili uchomwe, ukamuliwe mafuta au uvundishwe utoe gesi, ni jua lililowekwa akiba. Anayeviweka pamoja anategemea kimoja kizibe pengo la kingine. Tatizo la andiko letu ni kwamba halikuziba pengo lolote. Lilijumlisha tu.

Tuanze na ardhi, maana hapo ndipo mabishano yetu ya kwanza yalipoanzia. Paneli za siku hizi hugeuza karibu asilimia 20 ya mwanga unaozipiga kuwa umeme. Mmea, pamoja na sifa zote tunazoupa, kwa kawaida huhifadhi asilimia 1 au 2 tu ya nishati hiyo, na mara nyingi haufiki hata hapo. Wanasayansi wameweka ukomo wa kinadharia kuwa kama asilimia 4.6 kwa mimea ya kundi la ngano na mpunga, na asilimia 6 kwa kundi la mahindi na miwa. Na hicho kidogo bado si umeme. Lazima kivunwe, kisafirishwe, kiozeshwe, kisha gesi yake ipite kwenye injini ambayo nayo hupoteza zaidi ya nusu kama joto.

Ukishusha hesabu hiyo hadi kwenye shamba, hekta moja ya mahindi ya silaji (yanayokatwa mabichi na kufunikwa bila hewa yasioze) yaliyotunzwa vizuri hutoa gesi ya kuzalisha uniti 15,000 hadi 20,000 hivi kwa mwaka. Hekta hiyohiyo ikijazwa paneli hubeba kilowati 600 hadi 1,000, na hata penye mawingu mengi kila kilowati hutoa karibu uniti 1,000 kwa mwaka. Sola inalishinda shamba mara 30 kwa uchache. Penye jua kali tofauti hiyo hupita mara 50.

Siku nilipowasomea wanachama hesabu hii, mmoja aliuliza, "Sasa ndugu mhasibu, tunalima nini tena hapa?" Mwenyekiti akajibu kwamba ardhi tunayo ya kutosha. Ni kweli tulikuwa nayo. Lakini shamba kubwa halipunguzi gharama ya kukata na kubeba, na huko ndiko pesa ilikokuwa ikienda, kama tulivyokuja kuona.

Kuhusu aina ya zao nitasema machache. Andiko la kwanza lilipendekeza mibono kaburi. Tuliokumbuka wimbi la 2007 na 2008 tulikataa mapema. Wakati ule mmea huo ulisifiwa pande nyingi za dunia kwamba unaota kwenye ardhi iliyochoka. Kuota unaota. Kuzaa ni jambo jingine: mbegu zake zina mafuta asilimia 30 na zaidi, lakini bila maji na rutuba mbegu zenyewe ni chache, haziivi kwa pamoja, huchumwa kwa mkono, na mashudu yake yana sumu, hayafai kulishia mifugo. Mashamba mengi yalitelekezwa. Sisi tukachagua majani ya tembo, ambayo hukua haraka, huchipua tena baada ya kukatwa, na hupandwa kwa vipande vya shina bila gharama kubwa.

Hiyo "bila gharama kubwa" ndiyo iliyotupumbaza sote, kwa sababu pesa ya sola na pesa ya majani hazina tabia moja. Pesa ya sola hutoka karibu yote siku ya kwanza. Baada ya hapo kuna kufuta vumbi, mlinzi, waya unaolegea, na inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa matumizi, ambayo hubadilishwa kati ya mwaka wa 10 na wa 15. Paneli yenyewe hupungua nguvu kwa takriban nusu asilimia kila mwaka, kwa hiyo ikitunzwa huishi kuliko mkopo wowote ambao benki itakupa. Maana yake ni kwamba bei ya uniti ya sola huamuliwa zaidi na riba. Ukitaka kujua itakugharimu nini, usimuulize muuza paneli, muulize mwenye benki. Sisi tulihangaika sana kupunguziwa bei ya paneli, na mjadala wa riba tukaumaliza haraka kwa sababu watu walikuwa na njaa na kikao kilikuwa kimechelewa.

Majani ni kinyume chake. Kuanza ni rahisi, kumaliza hakupo. Kila uniti ina jasho ndani yake: kuna wa kukata, wa kubeba, wa kukatakata kwa mashine, wa kulisha tangi, wa kutoa tope. Mwezi ambao hukulipa vibarua hakuna gesi. Mafuta yakipanda bei, trekta linaifuata bei hiyo hadi ndani ya umeme wako.

Kwa mwaka mzima wa kwanza haya yote yaliingia kwenye daftari moja, na sola ikawa inayabeba majani bila mtu kujua. Nilipogawa daftari kuwa mawili, wapo walioninunia. Waliona kama nataka kuua mradi wa shamba, na waliokuwa wakiusimamia shamba walikuwa ndio wenye bidii kuliko wote. Ubishi mkali ulikuwa juu ya gharama za pamoja: mlinzi aandikwe wapi, barabara ya ndani je, na fundi? Tulikubaliana kugawa kwa muda ambao kila upande unautumia, na kwa kuwa trekta ndilo lililoharibu barabara, barabara ikaenda kwa majani. Matokeo yalituacha kimya: uniti ya majani ilikuwa inatugharimu mara kadhaa ya uniti ya sola. Kama unaanza leo, anza na madaftari mawili kabla ya kununua hata msumari. Ukisubiri hadi kuwe na hasara, kugawa kutaonekana kama kutafuta mchawi.

Kisha kuna habari ya kulima chini ya paneli. Mtaalamu mwelekezi alikuwa ameitilia mkazo sana, na historia yake ni nzuri: mwanzoni mwa miaka ya 1980 Mjerumani Adolf Goetzberger na mwenzake Armin Zastrow walionyesha kwamba paneli zikiinuliwa na kuachiwa nafasi, mazao chini yake hupata mwanga wa kutosha kukua. Mwaka 2016 shamba la Heggelbach, karibu na Ziwa Constance nchini Ujerumani, liliwekewa paneli juu kiasi cha trekta kupita chini. Mwaka 2017 ardhi ile ilihesabiwa kuwa na tija ya asilimia 160, na katika kiangazi kikali cha 2018 ikafika asilimia 186. Yaani, ili upate mazao na umeme uleule kwa kuvitenganisha ungehitaji hekta 1.86 badala ya moja.

Takwimu hizo ni za kweli, na ndizo zilizotupa shauku. Lakini zisome polepole: zinapima ardhi, hazipimi pesa. Kwenye daftari letu ardhi ndiyo iliyokuwa kitu rahisi kuliko vyote, na chuma cha kuinulia paneli kilikuwa miongoni mwa vitu ghali. Kununua chuma kingi ili uokoe ardhi ambayo haikusumbui ni hesabu ya kichwa chini. Mahali ambapo ardhi ni haba na ghali, au ambapo kivuli kinaokoa zao linaloungua kwa jua, jibu linaweza kuwa tofauti kabisa. Sisi hatukuwa hapo.

Pia zao letu halikufaa. Majani ya tembo hufika mita 3 au 4, na ni mmea wa kundi linalopenda jua kali, chini ya kivuli huwa membamba na maji mengi. Mkandarasi aliacha ujia mwembamba kati ya safu ya mwisho ya paneli na shamba. Kiangazi hakuna aliyeona kasoro. Mvua zilipokuja majani yakapanda, na umeme wa safu ile ukashuka kuliko ukubwa wa kivuli chenyewe. Ndivyo paneli zilivyo: seli zake zimefungwa kwa mfululizo, chache zikifunikwa huzibana zilizobaki, na ingawa kuna dayodi za kupunguza madhara, bua moja lililoinama linaweza kukunyima theluthi ya paneli nzima. Tukawa tunalipa vibarua kufyeka majani tuliyowalipa kuyapanda. Ushauri wangu ni huu: katika msimu ambao jua linapita chini kabisa angani, simama uwanjani saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, pima kivuli cha fito yenye urefu wa zao lililokomaa, ndipo uchore mpaka.

Chini ya paneli tulikuja kupanda mikunde inayotambaa. Inazuia vumbi, inashika udongo, na ikikatwa huchanganywa na chakula cha tangi. Inasemekana pia hupoza paneli, na kweli paneli hupoteza asilimia 0.3 hadi 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi moja juu ya 25, ila kwenye daftari langu sijawahi kuliona badiliko hilo kwa uhakika, kwa hiyo silitangazi.

Tangi la biogesi ndilo lililotutoa jasho jingi zaidi. Majani mabichi ni maji kwa robo tatu au zaidi. Ukilipia tani moja kubebwa, unalipia maji kubebwa, na sehemu kubwa ya maji hayo yatabebwa tena kurudi shambani yakiwa tope. Kila mita ya umbali kati ya shamba na tangi ina bei yake. Halafu umri: majani yakikomaa hujaa nyuzi ngumu ambazo bakteria hawaziwezi. Anayechoma anataka majani makavu na magumu, anayeozesha anataka machanga. Wasimamizi wetu walisubiri yarefuke ili tani ziongezeke, tani zikaongezeka kweli, gesi haikuongezeka.

Na bakteria hawapendi haraka. Tangi lilianzishwa kwa samadi na likatoa gesi safi. Kwa kuwa marejesho ya mkopo yalikuwa yameanza, shinikizo likawa kubwa, majani yakamwagwa kwa wingi kwa ghafla. Ndani yake pakawa na asidi, povu likajaa, gesi ikawa hafifu hata moto haushiki. Hakuna dawa ya haraka kwa hali hiyo. Unaacha kulisha, unaongeza samadi, unasubiri wiki kadhaa huku riba ikitembea. Ongeza majani kidogo kidogo, acha samadi ibaki sehemu ya mlo, na linda joto la tangi kati ya nyuzi 35 na 40. Nyingine ambayo haikuwa kwenye bajeti ni gesi yenye harufu ya mayai viza: ina salfa inayokula injini. Kichujio cha vumbi la chuma ni cha bei ndogo. Injini si ya bei ndogo.

Aliyegeuza mradi ni fundi wetu wa mitambo, na hakuwa na nia ya kugeuza chochote. Alikuja kulalamikia kelele. "Mhasibu," akaniambia, "hii injini inanguruma saa sita mchana na paneli zimejaa jua. Inveta inaibana sola ili injini ipate nafasi. Hayo mafuta ya trekta nani analipia?"

Nikaenda kuangalia mwenyewe. Ndivyo ilivyokuwa. Mtandao wa umeme tuliokuwa tukiuuzia ulikuwa mdogo, mchana umeme ulikuwa unazidi mahitaji, na sisi tulikuwa tunaitupa uniti ambayo tayari tumeilipia ili tutumie ile ghali. Sababu ilikuwa mfuko wa gesi. Ulikuwa mdogo, usingeweza kuhifadhi gesi ya mchana hadi jioni, kwa hiyo injini ilifungwa kufanya kazi saa zote 24. Andiko lilihesabu kwamba kadiri injini inavyozunguka ndivyo tunavyopata faida.

Tukabadilisha mambo mawili. Tukanunua mfuko mkubwa zaidi, na injini ikawa inawashwa saa kumi na mbili jioni na kuzimwa saa nane usiku. Saa 8 badala ya 24 maana yake theluthi moja ya gesi, na theluthi moja ya majani. Sikuamini kwamba jibu la mradi wa shamba lingekuwa kupunguza shamba. Tulibakiza vipande vilivyo karibu na tangi, vya mbali tukaviacha. Vibarua wachache walipoteza siku za kazi, na hilo sitalipamba: lilileta uchungu, na wawili kati yao walikuwa jamaa wa wanachama. Mashine ya kukatakata, pampu na kichanganyio cha tangi tukavihamishia saa za mchana, vitumie ile sola iliyokuwa ikibanwa.

Lakini faida haikuja mara moja, kwa sababu mkataba na mnunuzi ulikuwa na bei moja kwa saa zote. Kwa mkataba wa namna hiyo uniti ya saa mbili usiku inalipwa sawa na ya saa sita mchana, na majani hayawezi kulipa kamwe. Mnunuzi alikuwa akiwasha jenereta ya dizeli kila jioni. Tulimwekea mbele gharama yake ya dizeli, tukaomba bei ya jioni iwe chini ya hapo lakini juu ya ile ya mchana. Alikataa, akakubali, akarudi nyuma, mwishowe akasaini kwa kipindi kifupi cha majaribio. Kwa hiyo, ukiletewa andiko, chora mstari wa saa 24, weka matumizi ya wateja juu, weka sola chini yake, kisha tazama panapobaki tupu. Hapo tu ndipo majani yana kazi, na bei ya hapo tu ndiyo unayoruhusiwa kuizidisha. Kama mnunuzi hana bei ya jioni, usipande.

Na uliza kuhusu betri mapema, hata kama hupendi jibu. Bei ya betri za lithiamu duniani imeshuka kwa karibu asilimia 90 tangu 2010. Kwa pengo la saa chache kila jioni, mahali pengi betri inayashinda majani sasa, na haihitaji vibarua wala kichujio. Majani yanabaki na nguvu mahali ambapo betri ni dhaifu: mawingu yakikaa siku nyingi mfululizo. Silaji iliyofunikwa vizuri hukaa miezi. Betri ya kuhifadhi umeme wa wiki nzima ni gharama ambayo hakuna aliyenionyesha mtu anayeimudu.

Kuna mapato ambayo andiko halikuyataja kabisa, nayo ni tope. Naitrojeni iliyoingia na majani na samadi haiondoki na gesi, inabaki kwenye tope, sehemu yake ikiwa katika hali ambayo mimea huifyonza kirahisi. Tuliporudisha shambani tuliacha kununua sehemu kubwa ya mbolea ya dukani. Lakini tope ni zito, linabebwa kwa trekta lilelile, kwa hiyo nililiandika kwa thamani ya mbolea tuliyoacha kununua ukitoa gharama ya kulisafirisha. Bado lilikuwa na faida, tena bila kubishaniwa na mtu.

Kuhusu mkopo, la kuzingatia ni umri wa kila kitu. Tulichukua mkopo mmoja kwa vyote: paneli za kuishi miaka 25, inveta isiyofika huko, injini ambayo maisha yake ni saa inazozunguka, majani ambayo hupungua na kuhitaji kupandwa upya. Tungekuwa na mikopo miwili, sola ingelipwa polepole na injini haraka, na tungejua mapema kama injini inajilipa. Kuwashwa saa 8 badala ya 24 kumeisogeza mbele siku ya kuifungua injini kwa matengenezo makubwa, ila siku hiyo inakaribia.

Fundi ameshaleta orodha ya vipuri. Nimewaandikia wanachama safu mbili: upande mmoja kuifungua injini na kuendelea na shamba dogo tulilonalo, upande wa pili betri, na tangi libaki kwa ajili ya samadi na mabaki tu. Mwenyekiti anataka betri. Mimi nitapiga kura ya injini kwa awamu hii moja, kwa kuwa tangi na mfuko vimeshalipiwa na masika yetu yana mawingu marefu, kwa sharti kwamba mnunuzi asaini bei ya jioni kwa miaka inayolingana na umri wa vipuri. Asiposaini, kura yangu nitaihamishia upande wa mwenyekiti.